Chama cha Mafundi Bomba wa London na Hisani Yake kwa Wanagenzi

Katika kituo cha garimoshi cha Cannon Street, kilichomo ndani ya mji wa kale wa London, imesimama sanamu ya shaba ya kijana wa zama zilizopita, amechukua vyombo vya kazi yake, sanamu iliyofanywa na mchongaji Martin Jennings na kuwekwa hapo mwaka 2011. Kijana huyo hana jina wala nasaba. Si mwana wa mfalme, si jemadari aliyeshinda vita, wala si tajiri aliyejenga benki katika mitaa ile iliyojaa benki. Ni mwanagenzi wa fundi bomba. Waliomsimamisha ni Chama cha Mafundi Bomba cha London, ambacho jina lake rasmi ni Worshipful Company of Plumbers, na mwaka huo kilikuwa kinatimiza miaka 400 tangu kilipopewa hati ya kifalme na Mfalme James wa Kwanza. Mahali penyewe palikuwa na sababu yake: hapo ndipo lilipokuwa jumba la mwisho la mikutano la chama, ambalo lilibomolewa mwaka 1863 ili reli ipate njia. Tangu siku hizo mafundi hao hawana jumba lao wenyewe, na wakutanapo hukutana katika majumba ya vyama vingine vinavyowakaribisha. Nami naona kwamba chama kisicho na jumba, ambacho katika mwaka wa fahari yake kilimtukuza aliye mdogo kuliko wote katika safu yake, kina jambo la kutuambia sisi tunaowategemea mafundi bomba kila siku na kuwakumbuka kwa nadra.

Yafaa kwanza kueleza vyama hivi ni vyama vya namna gani. Ndani ya London kuna mji wa kale ambao eneo lake halizidi sana maili moja ya mraba, wenye Meya wake na desturi zake, na humo ndimo, tangu karne za kati, watu wa kazi moja walimojiunga pamoja: wauza samaki kwa upande wao, masonara kwa upande wao, washona nguo, waoka mikate, maseremala na wengineo. Vyama hivyo leo ni zaidi ya 110, na vimo katika safu ya heshima iliyopangwa kwanza mwaka 1515, ambamo mafundi bomba ni wa 31. Mwanachama aliyefikia daraja huhesabiwa miongoni mwa wenye majoho, na wenye majoho wa vyama vyote ndio wakutanao kila mwaka kumchagua Meya Mkuu wa mji ule. Msomaji wa pwani yetu atavielewa upesi akivikumbuka vyama vya kufa na kuzikana, ambamo mtu hutoa kidogo akiwa mzima ili asiachwe peke yake siku ya msiba. Tofauti ni kwamba wale wa London waliunganishwa na kazi ya mikono, na kwamba pamoja na haki ya kusaidiana walipewa na mji wao wajibu wa kuchungana.

Kazi yenyewe katika siku hizo ilikuwa kazi ya risasi, madini yale mazito, laini, ya kijivu, yayeyukayo kwa moto usio mkali sana. Fundi aliyayeyusha, akayamimina juu ya kitanda cha mchanga uliosawazishwa, akapitisha ubao juu yake kabla hayajaganda, na bamba lililopatikana ndilo lililoezeka mapaa ya makanisa, likakunjwa kuwa michirizi ya maji ya mvua, matangi, masufuria makubwa ya watengeneza pombe, na mabomba. Bomba halikutoka kiwandani limekwisha kuwa bomba. Lilikuwa bamba lililoviringwa na kuungwa ubavuni, na mahali bomba lilipokutana na bomba palimiminiwa lehemu ya moto na kulainishwa kwa kitambaa kilichoshikwa mkononi, ufundi ambao kijana hakuupata kwa kuelezwa ila kwa kuunguza vidole mwaka baada ya mwaka. Katika karne ya 13 watu wa London walianza kuyaleta maji safi kutoka chemchemi za Tyburn, nje ya mji, mpaka birika kubwa la mtaa wa Cheapside, na maji hayo yalipita ndani ya mabomba ya risasi. Madini hayo ni sumu mwilini, na leo mabomba ya maji ya kunywa hufanywa kwa shaba au plastiki. Lakini katika zama zile aliyevuta moshi wake mchana kutwa alikuwa ni yule mtoto aliyechochea tanuri, na sharti tumkumbuke tunapousifu uzuri wa mapaa aliyoyasaidia kuezeka.

Mwaka 1365 mafundi hao walipewa kanuni zao na Meya na wazee wa mji, na kanuni hizo zimehifadhiwa katika daftari za London hata leo. Ni chache, hazina mapambo ya maneno, na azisomaye atastaajabu kuona jinsi walioziandika walivyoujua udhaifu wa binadamu. Zilisema kwamba mtu asiifanye kazi hiyo mjini, wala asichukue nyumba ya kazi wala mwanagenzi, mpaka awe amekubaliwa kuwa mtu huru wa mji, na asikubaliwe mpaka mafundi walio bora na wajuzi zaidi wamtolee ushahidi kwamba anaijua kazi na ataifanya kwa insafu. Zilisema kila mtu atumie mizani ya haki, auzapo na anunuapo. Ujira ukawekwa wazi ili mwenye nyumba asipunjwe: nusu peni kwa kipimo kimoja cha risasi ya michirizi na mapaa, na peni moja kwa ile ya matanuri na mabomba ya maji, ambayo kazi yake ni ngumu zaidi. Ikakatazwa kununua risasi iliyobanduliwa kutoka kwa vibarua wa waezekaji na waashi wasioweza kuonyesha ilikotoka, maana kila mtu alijua kwamba paa la mtu fulani limekwisha kuporwa usiku. Ikakatazwa kumwondoa mwenzio katika kazi aliyokwisha kuianza, au kuwarubuni wateja wake kwa kupitia seremala na mwashi. Na hapo naamini kila fundi wa Kariakoo au wa Kongowea atatikisa kichwa, kwa kuwa hila hiyo bado i hai.

Kanuni mbili kati ya hizo zanivuta kuliko nyingine. Ya kwanza ilihusu shehena: risasi iliyofika mjini kuuzwa isinunuliwe na mtu mmoja kwa faida yake peke yake, bali watu wote wa kazi hiyo, maskini kwa tajiri, waliotaka kushiriki, wapewe fungu lao. Fikiri maana yake kwa fundi kijana aliyetoka kwa bwana wake jana, asiye na akiba. Mwenye mtaji mkubwa angeweza kuihodhi shehena nzima na kumgeuza kijana yule kuwa mtumishi wake wa milele, na chama kikasimama katikati. Ya pili ilihusu mwanagenzi mwenyewe: asichukuliwe kwa muda uliopungua miaka 7, aandikishwe ndani ya mwaka wa kwanza, na muda utimiapo bwana wake amfikishe mbele ya wakuu apate kuandikwa mtu huru kwa desturi za mji. Miaka 7 ni mingi, na mabwana wengi walinufaika na jasho la vijana waliokwisha kuijua kazi tangu mwaka wa nne. Sitaki kuipamba desturi hiyo zaidi ya inavyostahili. Walakini kule kuandikishwa kulikuwa kinga. Jina la kijana lilikuwa katika daftari ambayo si ya bwana wake, siku aliyoanza ikajulikana, na siku ya kufunguliwa ikajulikana, wala hapakuwa na bwana wa kumwambia kwamba bado hajaiva.

Miaka 6 baada ya kanuni hizo mafundi walishtakiwa. Walikuwa wakiyeyusha lehemu katika kiwanja kimoja cha Eastcheap, na majirani wa parokia ya Mtakatifu Clement wakalalamika mwaka 1371 kwamba moshi wa tanuri ni hatari kwa kila auvutaye. Mafundi walijibu kuwa mahali pale pametumika kwa kazi hiyo miaka mingi. Hukumu iliyotoka ilikuwa ya suluhu: kazi iendelee, ila dohani ya tanuri iinuliwe juu zaidi ili moshi upite juu ya vichwa vya watu. Naipenda habari hii kwa kuwa yaonyesha chama kilikuwa mlango mmoja wa kubishwa. Majirani hawakulazimika kumsaka fundi mmoja mmoja, walijua wa kumshtaki, na aliyeshtakiwa aliweza kutii kwa niaba ya wote.

Udugu wao haukuishia kwenye mizani na moshi. Vyama vya London vilikuwa na mtakatifu wa kumwomba, kanisa la kuhudhuria, sanduku la sadaka, na kitambaa cha kufunikia jeneza la mwanachama. Aliyeugua alisaidiwa, aliyekufa alizikwa kwa heshima, na mjane wake hakusahauliwa. Mafundi bomba wana kanisa lao la chama hata sasa, la Mtakatifu Magnus Shahidi, karibu na daraja la London, ambalo pia ni la wauza samaki, na kaulimbiu ya nembo yao yasema kwamba tumaini lao lote liko kwa Mungu. Katika karamu za vyama hivi imebaki desturi ya kikombe cha mapenzi, ambacho hupitishwa mezani kutoka mtu hata mtu: anywaye husimama, na jirani yake mmoja husimama nyuma akimpa mgongo ili kumlinda, kwa ukumbusho, kama masimulizi yasemavyo, wa mfalme Edward Shahidi aliyeuawa mwaka 978 hali amekishika kikombe. Mgeni aweza kuiona kuwa michezo ya watu wazima. Mimi naiona kuwa ibada yenye maana kamili, kwa sababu mafundi ni washindani sokoni, na si jambo dogo kwamba washindani hao husimama mara kwa mara na kulindana migongo mbele ya mashahidi.

Hata hivyo, ni haki kusema kwamba vyama hivi vilipungua nguvu. London ilipanuka kupita kuta zake, mafundi wakafanya kazi mahali ambapo mkono wa chama haukufika, na mwaka 1814 sheria ya zamani iliyomlazimu kila fundi wa Uingereza apite miaka 7 ya uanagenzi ilifutwa. Vyama vingi vikabaki na karamu na mali ya wakfu, na watu wasioijua kazi wakajaa katika viti vya mbele. Na kabla ya hapo vilikuwa na dhambi nyingine, kama kuwafungia nje wageni, wanawake na maskini wasioweza kulipa ada. Hati ya uanagenzi ilimkataza kijana kuoa, kucheza kamari na kuingia vilabuni, lakini haikumlinda vya kutosha na fimbo ya bwana mkali. Mwenye kuvisifu vyama vya kale pasipo kuyataja haya huwadanganya wasomaji wake.

Kilichowaamsha mafundi bomba ni maradhi. Mwaka 1871 mrithi wa kiti cha enzi, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, alikuwa mgeni katika nyumba ya kifahari huko Scarborough, akashikwa na homa ya matumbo, akawa mahututi mpaka taifa zima likamwombea. Alipona, lakini mgeni mwenziwe, yaani Lodi wa Chesterfield, alifariki kwa homa hiyo hiyo, na mtumishi wa farasi wa mwana mfalme naye akafariki. Watu waliilaumu mifereji mibovu ya nyumba ile. Miaka 10 kabla yake baba yake mrithi, Prince Albert, alikuwa amekufa kwa ugonjwa ambao madaktari wake waliuita homa ya matumbo. Ghafla mabwana wakubwa wakafahamu jambo ambalo maskini wa mitaa ya kipindupindu walilijua zamani, kwamba uhai wa aliye kitandani waweza kuwa umetegemea kiungo cha bomba kilichofichwa ukutani, kilichofungwa na mtu ambaye hakuna aliyeuliza kama aliijua kazi.

Chama cha Mafundi Bomba kikaona kwamba hapo pana wajibu wake. Mwaka 1884, katika maonyesho makubwa ya afya huko South Kensington, kiliwaita mafundi wajadiliane juu ya elimu na usajili, na mwaka 1886 kikaanzisha daftari la taifa la mafundi bomba, ambamo mtu aliandikwa baada ya kuthibitisha ujuzi wake. Kiliomba Bunge liufanye usajili huo kuwa sheria, na si mara moja, lakini Bunge halikuukubali. Ukabaki wa hiari, wenye nguvu ya heshima tu. Walakini mbegu haikupotea: mwaka 1906 ikazaliwa taasisi ya mafundi bomba ambayo mwaka 2008 ilipewa hati ya kifalme, na hata leo taasisi hiyo na chama cha kale hushirikiana katika kuwapima na kuwatunukia mafundi, pamoja na kutoa cheti cha fundi bomba bingwa kwa aliyeiva katika ujuzi na mwenendo. Kabla ya hapo, mwaka 1878, vyama 16 vya London pamoja na serikali ya mji ule vilikuwa vimeunda City and Guilds, chombo cha kutahini mafundi wa kila namna.

Sasa tuje kwa kijana wa leo. Mwanagenzi wa bomba wa Uingereza hutumia aghalabu miaka minne, siku nyingi akiwa kazini pamoja na fundi na siku chache darasani, na mshahara wake wa mwanzo ni mdogo. Anahitaji vyombo vyake mwenyewe, nauli ya kufika kazini alfajiri, na ada akitaka kuendelea na masomo ya juu. Na kinachomwangusha, mara nyingi kuliko ugumu wa kazi, ni upungufu wa vitu hivi. Hapo ndipo hisani ya chama inapoingia. Chama kina mfuko wa sadaka na elimu, na kutoka humo hutoa misaada ya masomo kwa vijana, na tuzo kwa wanagenzi waliofanya vizuri. Huchangia pia kazi za kheri, hasa zile ambazo ujuzi wa bomba wenyewe ndio sadaka. Chama pia kimesaidia kuwekwa kwa maonyesho ya karakana ya kale ya fundi risasi katika jumba la makumbusho la Weald and Downland, huko Singleton, Sussex, ambako kijana anayefunga mabomba ya plastiki aweza kuviona vyombo vya babu zake wa kazi na kujua kwamba hakuzuka kutoka ardhini.

Kiasi cha fedha hakinistaajabishi sana, kwa kuwa serikali yoyote yaweza kutoa zaidi. Linalonigusa ni namna ya kutoa. Kijana aliyezoea kuingia katika nyumba za watu kwa mlango wa nyuma, mikono ikiwa na tope, huitwa kwa jina lake ndani ya ukumbi wenye mataa na picha za wakuu waliopita, na wazee wa kazi yake, wamevaa majoho, humpa mkono na kumkabidhi cheti mbele ya mama yake. Huko ni kumwambia kwamba kazi hii ina wenyewe, nawe u mmoja wao. Kijana aliyeambiwa hivyo huona haya kufunga kiungo kibovu, hata pale ambapo ukuta utakifunika na hakuna atakayekiona mpaka yeye amekwisha kuzeeka. Kwa hiyo siyaiti haya matumizi ya anasa, na hawakosei wazee wale wanapoyaita sehemu ya sadaka yao.

Afrika ya Mashariki si ngeni kabisa kwa habari hii. Mitihani ya City and Guilds ilifanywa kwa miaka mingi katika vyuo vya ufundi vya Kenya na Tanganyika, na wako wazee Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam ambao vyeti vyao vya London bado vimefungwa kwa kioo ukutani. Kazi ya bomba nayo ina historia kwetu: Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, aliuletea mji wake maji ya bomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, kwa furaha kubwa ya raia waliokuwa wakinywa maji ya visima vilivyochanganyika na taka. Wala desturi ya uanagenzi haikuletwa na Wazungu. Pwani ilikuwa na mafundi wa majahazi, wa milango ya nakshi, na wa kujenga kwa mawe na chokaa, ambao walipokea vijana kutoka kwa wazazi wao, wakawalea kwa miaka, na siku kijana alipofuzu wazazi walimpa fundi kilemba chake kwa taadhima, kuwa shukrani na kuwa tangazo kwa watu wote kwamba kijana amekuwa fundi.

Leo anayebeba mabomba na kuchimba mtaro tunamwita saidia fundi kule Dar es Salaam, na mtu wa mkono kule Nairobi, na mara nyingi hakuna ajuaye jina lake. Anajifunza kwa kutazama: namna ya kuunga bomba la plastiki kwa mashine ya moto, kufunga koki, kulipandisha tangi juu ya dari, kuipa mteremko njia ya maji machafu ili yasisimame njiani. Mwaka ukipita huijua kazi, lakini hana karatasi, hana daftari lenye jina lake, wala hakuna siku iliyowekwa ya yeye kufunguliwa. Fundi wake akihama mji, ushahidi wa miaka yake yote umehama naye. Tanzania inayo mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, ambayo huwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza nje ya darasa, na Kenya ina majaribio ya serikali ya ufundi yenye madaraja. Milango hiyo ipo na ni mizuri. Kinachopungua ni mtu mzima wa kazi hiyo hiyo wa kumshika mkono kijana na kumfikisha mlangoni, akamlipia ada ya jaribio, na kusema mbele ya watahini kwamba nimemwona akifanya kazi, namshuhudia.

Mafundi wetu wanajua kuungana. Wana upatu wao, wana michango ya harusi na ya misiba, na fundi mmoja akifiwa utawaona ishirini makaburini, wameziacha kazi za watu nusu njia. Basi si jambo lililo juu ya uwezo wao kutenga fungu dogo la michango hiyo kwa ajili ya wanagenzi: kununua spana na mashine moja ya kuunga mabomba ya kuazimana, kumlipia kijana mmoja au wawili ada ya jaribio kila mwaka, na kumtibu aliyeanguka kutoka darini. Sihitaji kuwashauri wavae majoho. Nawaomba mafundi wakuu wa kila mtaa wanunue daftari moja, waandike ndani yake jina la kila kijana wanayemchukua na tarehe aliyoanza, wapatane muda wa kujifunza, na muda huo ukitimia wamwite mbele ya mafundi wenzao na wazazi wake wamtangaze kuwa amefuzu, kisha waende naye kwenye jaribio la serikali wakiwa mashahidi wake. Nawe msomaji, utakapomwita fundi bomba nyumbani kwako akaja na kijana nyuma yake, uliza jina la kijana, uliza anajifunza tangu lini, na malipo yake yaweke mbali na ya fundi, umpe mkononi mwake.